Taa za Kukuzia Mimea Ndani: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Kazi yangu ni kufunga taa za miche na mboga katika fleti, vyumba vya kupanga na mabanda ya miche mjini. Siku hizi nafungua zaidi kuliko ninavyofunga. Nakuta miche imerefuka ikalala, soketi imeyeyuka, ekstensheni imelowa maji ya trei, mama wa nyumba anaumwa macho kwa taa ya zambarau aliyouziwa kuwa ni ya mimea. Hakuna hata moja katika hayo lililokuwa la lazima. Nayaandika hapa kama ninavyoyasema nikiwa juu ya ngazi, bila kubembeleza. Akili unazo. Kinachokosekana ni tahadhari.

## KABLA HUJATOA PESA

### Fanya

Tumia jua kwanza. Jua la Dar es Salaam saa sita mchana, mbingu ikiwa haina wingu, hutoa luksi zipatazo 100,000. Sebule yenye taa nzuri usiku ina luksi 100 hadi 300. Roshani inayopata jua la asubuhi tu inazishinda taa nyingi utakazouziwa Kariakoo, Dar, au Luthuli Avenue, Nairobi. Ukiwa na roshani, paa la zege au dirisha la mashariki au magharibi, peleka trei huko ubaki na pesa zako. Taa ni ya aliyekosa jua: ghorofa iliyozibwa na ghorofa, chumba cha uani, stoo, au ndugu yetu aliyeko Oslo au Minneapolis mwezi Desemba, ambako jua huzama alasiri.

Amua unapanda nini, ndipo uchague taa. Mmea haujui wati. Unachopokea ni chembe za mwanga zinazotua kwenye jani, na wataalamu huzihesabu kwa maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa kila sekunde. Hesabu yake haihitaji chuo: chukua maikromoli zinazofika kwenye majani, zidisha kwa saa ambazo taa inawaka, kisha zidisha kwa 0.0036. Jibu ni moli za siku nzima. Maikromoli 200 kwa saa 16 ni moli 11.5. Miche mingi, letusi na majani ya kiungo huenda vizuri na moli 10 hadi 15. Nyanya na pilipili hoho za kuzaa hutaka 20 hadi 30.

Sasa igeuze hesabu hiyo iwe taa. Rafu ya sentimita 60 kwa 60 ya letusi inatosheka na LED nzuri ya wati 40 hadi 50 halisi. Nyanya kwenye rafu hiyohiyo hutaka mara mbili yake, na mmea wenyewe utaigonga taa kabla haujazaa. Kwa hiyo ndani lea miche na majani. Tunda lipeleke nje. Wateja hunibishia sana kwenye hili, halafu hunipigia simu baada ya miezi mitatu wakiwa na nyanya tatu ndogo na bili kubwa.

Piga hesabu ya uniti kabla ya kununua. Wati 40 kwa saa 16 ni uniti 0.64 kwa siku, kama 19 kwa mwezi. Wati 100 kwa saa 14 ni uniti 1.4 kwa siku, 42 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, hiyo 42 ni zaidi ya nusu ya mgao wake wote, kabla friji na pasi hazijadai chao. Fungu la mchicha sokoni unalijua bei. Linganisha.

Dai namba mbili dukani: wati halisi zinazovutwa kwenye soketi, na maikromoli zinazotolewa kwa kila wati moja. Taa nzuri ya mimea hutoa 2.5 au zaidi. Balbu ya kawaida ya LED ya nyumbani hutoa kama 1.4. Tyubu za floresenti hazifiki 1. Muuzaji asiye na namba ya pili hajui anachouza. Usimlipe bei ya taa ya mimea. Mlipe bei ya balbu.

### Usifanye

Usiamini namba kubwa ya kwenye boksi. Taa imeandikwa 1000W. Ukiichomeka kwenye kipimo cha wati, inavuta 100, pengine chini ya hapo. Wanachofanya ni kujumlisha uwezo wa juu kabisa wa kila chipu, uwezo ambao chipu hizo hazipewi kamwe maana zingeungua. Au wanaandika kwamba ni «sawa na» wati 1000 za taa fulani ya zamani wasiyoitaja. Kibandiko cha nyuma, chenye herufi ndogo, ndicho husema ukweli. Geuza taa ukisome kabla hujatoa pochi.

Usinunue kwa lumeni peke yake. Lumeni hupima mwanga kwa jicho la binadamu, ambalo huona vizuri zaidi rangi ya kijani karibu na nanomita 555. Jani lina mahitaji yake, kuanzia nanomita 400 hadi 700. Kununua taa ya mimea kwa lumeni ni kama kununua viatu kwa kupima kofia.

Usinunue taa nyekundu ya vifaranga. Naiona kila msimu wa kuotesha. Imetengenezwa kutoa joto, na joto ndilo inalotoa: wati 250 za moto na mwanga mchache usiomfaa mche. Shina linarefuka, udongo unakauka juu, na trei ya plastiki inapinda. Ikianguka kwenye kokopiti kavu, inawasha moto unaofuka polepole bila ndimi, na utaujua kwa moshi wakati umeshashika rafu.

Usitumie balbu za zamani za waya wala halojeni. Karibu umeme wote unaishia kwenye joto. Kioo cha halojeni hupita nyuzi 250. Ukipulizia majani maji na tone likarukia kioo, kinapasuka juu ya mikono yako.

Usiokote taa ya sodiamu iliyotolewa barabarani wala taa ya uwanjani. Inapowaka, kiwashi chake hurusha volti elfu kadhaa. Balasti yake ni nzito na hupata moto. Zile za metali halaidi zina ubaya mwingine: kioo cha nje kikivunjika huku mrija wa ndani ukiendelea kuwaka, mnamwagiwa mionzi ya urujuanimno bila kujua, na kesho yake mnaamka na macho mekundu. Taa hizo ni za watu wenye mabanda makubwa, vifaa kamili na mafundi wao. Chumbani kwako hazina kazi.

Usianze leo na floresenti. Tyubu na enaji seva zina zebaki ndani. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata unaohusu zebaki zilikubaliana kuziondoa sokoni, enaji seva za kawaida kufikia 2025 na tyubu kufikia 2027. Unazo tayari? Zitumie zimalizike. Ikivunjika moja, fungua madirisha, toa watoto nje kwa dakika kumi au zaidi, kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu na utepe wa kunata. Usifagie, ufagio hutawanya zebaki.

## RANGI YA MWANGA

### Fanya

Nunua taa nyeupe. Yenye kelvini 4000 hadi 5000 inafaa kwa miche na majani. LED nyeupe ni chipu ya bluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya bluu kuwa kijani, njano na nyekundu, kwa hiyo mmea unapata kila kitu. Mwaka 1972 mtafiti McCree alichapisha vipimo vyake vya mimea 22 ya mazao vikionyesha kwamba usanisinuru hutumia rangi zote kati ya nanomita 400 na 700, kijani ikiwemo. Tangu hapo hoja ya kwamba mmea hula nyekundu na bluu peke yake ilipaswa kufa. Bado wanaiuza.

Ziko taa nyeupe zilizoongezwa chipu chache nyekundu. Ni nzuri, hutoa mwanga mwingi kwa umeme mdogo. Ukiwa na pesa chukua hizo. Ukiwa huna, nyeupe tupu inatosha kabisa kwa miche.

### Usifanye

Usinunue taa ya zambarau kwa sababu inaonekana ya kitaalamu. Mmea utakua, sikatai. Wewe ndiye utakayekuwa kipofu. Chini ya mwanga huo jani la kijani linaonekana jeusi. Huoni umanjano wa njaa, huoni ubwiri unga, huoni utitiri mwekundu chini ya jani. Dada mmoja wa Sinza alinionyesha miche ya pilipili akiisifu. Nikaitoa dirishani. Utitiri ulikuwa umeshafuma utando toka jani hadi jani, na yeye alikuwa anaimwagilia kila asubuhi huku akiitazama.

Usitumie taa ya kuulia vijidudu. Hapa sitaki ubishi. Wakati wa korona nchi zilijaa taa za urujuanimno za nanomita 254. Zimebaki madukani, zina rangi ya bluu-zambarau, na wapo wanaoziuza kama taa za mimea. Mionzi hiyo huunguza ngozi na uso wa jicho. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, kama mchanga umemwagwa machoni, na wakati huo umeshakaa chini ya taa jioni nzima. Mmea nao huungua. Shirika la Afya Duniani lilionya mapema, mwaka 2020, watu wasitumie taa hizo kwenye mikono wala ngozi. Ukiona kwenye kifaa maandishi ya UVC, au muuzaji akajisifu kwamba inaua bakteria pia, irudishe mezani.

Taa ya kukaushia kucha na taa ya kunasa mbu si taa za mimea. Sitaeleza zaidi.

Usiikodolee macho taa ya LED yenye nguvu, ya rangi yoyote. Panga trei chini ya kimo cha macho au weka ubao mbele ya rafu. Mtoto anayetambaa hutazama juu moja kwa moja kwenye chipu. Fikiria kimo chake kabla ya kimo chako.

## UMEME NA MAJI

Mambo mengine yote katika makala haya yakikushinda, utapoteza miche. Haya yakikushinda, utapoteza mtu. Rafu ya miche ni mahali ambapo maji, mikono mibichi, chuma na volti 230 hukutana kila siku. Hakuna mahali pengine nyumbani palipo hivyo, hata jikoni.

### Fanya

Hakikisha soketi ina waya wa ethi unaofanya kazi. Kuwa na matundu matatu si ushahidi. Nimefungua soketi nyingi za nyumba za kupanga nikakuta waya wa ethi umekatwa au haukuwahi kufungwa. Taa yenye mwili wa chuma ikivuja, ethi ndiyo njia ya umeme kwenda ardhini. Isipokuwepo, njia ni wewe uliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji. Mwite fundi apime kwa kifaa.

Funga kifaa cha kukata umeme unapovuja. Huweza kukata mkondo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla moyo haujavurugika. Kibonyeze kitufe chake cha majaribio kila mwezi. Kisipokata, hakifanyi kazi, kibadilishe.

Weka soketi juu ya kimo cha trei, na uziache nyaya zilegee. Waya ushuke chini ya soketi kwanza, ndipo upande kwenda kuingia. Tone linalotembea juu ya waya litafika kwenye ule mpindo wa chini na kudondokea sakafuni. Waya ukiwa umenyooka kutoka kwenye taa kuteremkia soketi, tone litaingia ndani ya plagi. Jambo hili halina gharama hata senti moja, na kati ya rafu kumi ninazoitiwa sioni hata mbili zilizolifuata.

Ning'iniza taa kwa mnyororo au kamba ya chuma. Waya wa umeme haukutengenezwa kubeba uzito. Ukiubebesha, unavutika polepole kwenye viungio hadi unachomoka ukiwa hai.

Nunua taa yenye alama ya IP65 ikiwa unapulizia majani maji. Alama hiyo maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayaingii. Isiyo nayo, izime na uichomoe kila unapopulizia.

Chomeka frijigadi kati ya soketi na taa. Umeme ukirudi baada ya kukatika huja ukipanda na kushuka. Draiva za LED, vile visanduku vinavyobadilisha umeme kabla haujafika kwenye chipu, hufa hapo kuliko mahali pengine popote. Frijigadi husubiri dakika chache umeme utulie.

### Usifanye

Usichokonoe tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Kila mtu amewahi kuliona likifanyika. Lile tundu la juu ni la ethi, na vifuniko vya ndani vimewekwa makusudi visifunguke bila pini yake. Ukilazimisha, pini nyembamba zinakaa kwa kulegea, zinatoa cheche, plastiki inakuwa ya kahawia, kisha inayeyuka. Taa ya mimea inawaka saa 14 au 16 kwa siku. Chaja ya simu inaweza kukuvumilia na ujinga huo kwa muda. Taa haitakuvumilia. Kata plagi hiyo ufunge ya pini tatu yenye fyuzi ndogo, ampea 3 inatosha kwa taa za ukubwa huu.

Usiunde taa kwa chipu za bapa za volti 220 zisizo na draiva. Zinauzwa bei ya soda, wati 50 kila moja, na vijana wanazifunga kwenye bamba la alumini kwa skrubu kisha wanachomeka ukutani. Chipu hizo hazina kitu kinachozitenga na umeme wa ukutani. Utando mwembamba tu ndio unaotenganisha njia za umeme na ile sahani ya nyuma, na ukipasuka kwa joto, bamba zima lina volti 230. Taa inaendelea kuwaka vizuri. Huoni dalili yoyote hadi siku utakapoishika kwa mkono mbichi kuinua. Nimepima bamba la namna hiyo kwenye fleti yenye watoto wawili. Kalamu ya kupimia iliwaka nilipogusa ukingo. Nililikata waya palepale, na mwenye nyumba akakasirika kwa sababu lilikuwa jipya.

Usiunge nyaya kwa kusokota na selotepu. Unyevu wa kitalu huachanisha gundi. Tumia viungio vya skrubu ndani ya boksi lililofungwa.

Usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni, na usiiache imekunjwa. Ekstensheni iliyojikunja haitoi joto lake nje. Ikiwa chini ya trei, ni kosa mara mbili.

Usizibe kuta za rafu kwa foili ya jikoni. Foili hupitisha umeme. Kipande kikichanika na kugusa kiungio, rafu yote imeshika umeme. Pia mikunjo yake hukusanya mwanga sehemu moja na kuacha nyingine. Paka ubao rangi nyeupe isiyong'aa. Inarudisha mwanga vizuri na haimdhuru mtu.

## SAA ZA KUWASHA

### Fanya

Weka taima, na iwe ya kidijitali yenye betri. Ile ya gurudumu lenye vijiti husimama umeme unapokatika. Umeme ukipotea kwa muda wa saa tano, taima nayo inabaki nyuma saa tano: taa uliyoipanga iwake saa kumi na mbili asubuhi inawaka saa tano. Baada ya wiki ambayo umeme umekatika mara tatu nne, mimea yako inalala mchana na kukesha usiku, na wewe huna habari.

Letusi na rehani zipe saa 14 hadi 16. Giligilani ipe 12. Sababu inajulikana tangu 1920, Garner na Allard wa wizara ya kilimo ya Marekani walipoonyesha kwa tumbaku na soya kwamba urefu wa siku ndio unaoamua kutoa maua. Giligilani ukiipa siku ndefu inakimbilia maua, na majani unayoyataka yanageuka nyuzinyuzi. Mchicha mwingi hufanya kinyume: siku fupi ndizo zinazouharakisha kuchanua. Huku kwetu hatuna desturi ya kulifikiria hili kwa sababu siku zetu hazibadiliki sana. Dar es Salaam tofauti ya siku ndefu na fupi kwa mwaka mzima haifiki saa moja. Wakulima wa maua wa Kenya wanalijua vizuri. Wanawasha taa usiku juu ya jipsofila ili ione siku ndefu ambayo ikweta haina, na bila hivyo haichanui inavyotakiwa. Taa ndogo yenye saa zilizopangwa vizuri ina nguvu ya kubadilisha maisha ya mmea. Ipange.

### Usifanye

Usiwashe saa 24. Watu hudhani wanaharakisha. Nyanya chini ya mwanga usiokatika hupata madoa ya njano na majani hufa. Mimea mingine haiumwi waziwazi, lakini umelipia uniti bure na umeipunguzia taa maisha. Saa 16 ndiyo mwisho kwa mboga za nyumbani.

Usitegemee kumbukumbu yako kuwasha na kuzima. Utasafiri, utasahau, utachelewa kwenye foleni.

## KIMO NA JOTO

### Fanya

Pima kwa simu. Programu za kupima luksi ni za bure. Weka simu palepale majani yalipo, uso juu. Chini ya LED nyeupe gawanya luksi kwa 70, unapata maikromoli kwa makadirio yanayotosha kazi hii. Luksi 14,000 ni maikromoli 200. Pima katikati, kisha pembe nne. Pembe zikiwa nusu ya katikati, inua taa kidogo au zungusha trei kila siku.

Usomapo mmea, amini shina. Shina refu, jembamba, majani yaliyoachana: mwanga hautoshi, shusha taa. Majani ya juu yamepauka au kingo zimejikunja huku ya chini yakiwa mazima: taa iko karibu mno, ipandishe. Kwa kuanzia, tyubu za LED ziwe sentimita 15 hadi 20 juu ya ncha za miche, na bamba la LED sentimita 30 hadi 45. Balbu moja ukiipeleka mara mbili ya umbali, mwanga unaobaki ni robo. Ndiyo sababu taa ya darini haikuzi kitu.

Weka feni ndogo. Upepo mwepesi hukaza mashina na kukausha uso wa udongo. Hewa iliyotulia, maji mengi na mwanga hafifu ndivyo vinavyoleta kinyausi. Mche unakatika usawa wa udongo usiku mmoja na trei nzima inaufuata.

Zoesha miche jua kabla ya kuiatika nje. Mche uliolelewa kwa maikromoli 200 ukiutupa kwenye jua la mchana lenye 1,800 unaungua siku hiyohiyo. Anza na saa moja ya jua la asubuhi, ongeza kidogo kidogo kwa wiki nzima.

### Usifanye

Usifungie taa kabatini. Karibu kila wati unayowasha huishia kuwa joto chumbani. Mwezi Februari Dar kabati lenye wati 100 ni jiko, na mbegu za letusi hukataa kuota joto likizidi nyuzi 30 hivi. Utalaumu mbegu bure.

Usiifunike draiva kwa nguo, kadibodi wala plastiki. Kapasita zilizomo hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Itoe nje ya rafu, ifunge juu ya ukuta mahali pakavu penye hewa.

Usiongeze mbolea kurekebisha mwanga mdogo. Mche uliokosa mwanga hauna nguvu ya kutumia mbolea. Utaunguza mizizi, halafu utaniita.

Leo jioni, taa ikiwa imewaka saa tatu mfululizo, kausha mikono uguse mwili wa plagi kwa nyuma ya vidole. Ikiwa ya moto, au umesikia harufu ya plastiki, zima umeme wa soketi hiyo kwenye meinswichi, chomoa, na umwite fundi mwenye leseni: Tanzania iwe ya EWURA, Kenya ya EPRA. Usisubiri mwisho wa mwezi. Miche inavumilia giza la siku mbili.